Kikombe cha Pili

Shemeji Rehema alinipigia simu Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, nikiwa nimekaa barazani na sahani ya wali mapajani. Tukasalimiana kama watu wanavyosalimiana. Hujambo shemeji, sijambo. Habari za Dar, nzuri. Watoto, hawajambo, wanakusalimu. Habari za Mombasa, njema, alhamdulillahi. Akauliza kama mvua imeshaanza, nikamuuliza magoti yake. Kisha akanyamaza kidogo, na aliponyamaza nikaiweka sahani chini, maana mtu wa kwetu akishamaliza kusema njema ndipo anapoanza kusema. "Shemeji," akasema, "Kassim ametangulia mbele ya haki. Alfajiri ya leo." Wali ule sikuugusa tena, wakaja kuumaliza kuku wa jirani.

Mimi na Kassim tuliishi chumba kimoja mwaka mzima, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika jengo la ghorofa sita nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, Guangzhou. Yeye alikuwa akinunua viatu katika soko la Zhanxi na kuvipeleka Mombasa, mimi nikitafuta vipuri vya magari kwa ajili ya duka la Kariakoo. Waswahili tulikuwa wachache mno mjini wakati ule, kiasi kwamba ukisikia mtu kasema "aisee" barabarani unageuka na kumkumbatia kabla hujamjua jina. Sitaki kuandika maisha yote ya Kassim, wanawe watayaandika wakipenda. Ninachotaka kusimulia ni habari ya mama aliyeishi juu yetu, na jambo nililoshindwa kumfanyia kwa sababu ya neno dogo kuliko yote tuliyonayo. Tangu simu ile ya Jumanne nazisikia tena hatua zake darini.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya nne. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha moja lililotazama nguo za watu wengine zikikauka, na maboksi ya sampuli za viatu yaliyopangwa hadi karibu na dari, kila boksi kiatu kimoja tu, cha kushoto, maana wenye viwanda hawakuwa wajinga. Kassim ndiye aliyekuwa mpishi. Alikuwa akipata makopo ya tui sijui wapi, akapika wali wa nazi kwenye jiko la umeme lililokuwa likikata fyuzi ya korido nzima, na majirani wakitoka milangoni kulalamika huku wakinusa. Siku ambazo tui halikupatikana tulikula tambi za mchuzi wa ng'ombe katika mkahawa wa Waislamu wa kaskazini, pale chini, watu waliotuita ndugu na kututoza bei ya wageni. Ukiuliza kitu wasicho nacho, mwenye mkahawa alisema "mei you," yaani hakuna, bila hata kuinua macho, na Kassim akarudi chumbani ameudhika kuliko mtu aliyetukanwa. "Angesema basi ngoja nitazame," alilalamika. "Ajua hakuna, lakini atazame! Ndiyo utu huo."

Sakafu ya juu ilikuwa nyembamba. Kila siku saa kumi na mbili jioni tulisikia ufunguo ukizungushwa, mlango ukifunguka, halafu sauti ya mama mtu mzima ikisema neno moja. Baada ya hapo sauti ile ile, kwa upole zaidi, ilijibu kwa neno jingine. Siku ya kwanza nikasema ana mgeni. Kassim akasimama juu ya kitanda, akaweka sikio karibu na dari, akasikiliza kwa makini ya mtu anayenunua saa. "Hana mgeni," akasema. "Ajisalimia mwenyewe." Tulicheka sana, tulikuwa vijana. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikuwa nimewahi kuona upweke wa mtu aliyezeeka.

Viatu tulivivua nje ya mlango, koridoni, kama tulivyolelewa. Wiki ya pili Kassim akaniita asubuhi, uso umemwiva. "Abdu, njoo utazame. Kuna mtu atuchezea viatu." Kandambili zangu na makubadhi yake, tulivyoviacha ovyo jana yake, vilikuwa vimepangwa jozi kwa jozi, vidole vikielekea ngazini. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. "Huyu yuwatwambia tuondoke," Kassim akaamua. "Viatu vyatazama ngazi. Wataka lugha gani zaidi?" Akavisomea dua. Siku ya nne nikajibanza nyuma ya mlango, nikaufungua ghafla, nikamkuta mama mdogo wa umbo, nywele nyeupe zilizokatwa sawasawa na masikio, ameinama juu ya kandambili zangu kwa mikono miwili. Hakushtuka. Akamaliza kuzinyoosha kwanza, ndipo akasimama. "Mwenye nyumba humgeuzia mgeni viatu," akaniambia kwa Kiingereza cha shule ya watawa, "ili wakati wa kuondoka asihangaike. Nyinyi ni wageni hapa. Nani mwingine atawageuzia?"

Ndivyo nilivyomjua Bi Liang, yule mama wa juu yetu. Alizaliwa Kobe, Japani, katika mtaa wa Wachina wa huko, akasoma huko, akawa mtu mzima huko. Alipokuwa na miaka ishirini na kitu baba yake akaamua kurudi China, yeye akamfuata, na mdogo wake wa pekee akabaki, kwa sababu alikuwa amempenda Mjapani. Mengine yote niliyoyajua kuhusu ukoo wake yangeenea kwenye kiganja. Mume alikufa, watoto hawakuwapo, kulikuwa na mpwa mmoja kaskazini aliyekuja mara moja kwa mwaka. Nilipomwambia kwamba kampuni moja ya Osaka imeniandikia barua ya mwaliko nikanunue injini na giaboksi, na kwamba nangoja viza tu, alinitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani. "Ukienda hivyo," akasema, "watakuwa na adabu kwako mpaka utakapoondoka, na hutajua kamwe ulichoharibu." Basi kuanzia siku ile, kila baada ya magharibi, nikawa mwanafunzi.

Chumba chake kilikuwa sawa na chetu kwa ukubwa, lakini ungedhani ni maradufu, kwa jinsi kilivyokuwa kitupu. Mlangoni palikuwa na jozi mbili za sapatu, yake na ya mgeni, na nyingine ya plastiki kwa ajili ya choo peke yake, na ole wako utoke nayo chooni. Meza ilikuwa fupi, tulikaa chini, jambo ambalo kwangu halikuwa geni, ila magoti yake ya miaka karibu sabini yalivumilia kuliko yangu. Alinifundisha kupokea kadi ya mtu kwa mikono miwili na kuisoma kabla ya kuiweka, na nisithubutu kuitia mfuko wa nyuma wa suruali nikaikalia. Nisijimiminie chai mwenyewe, nimmiminie mwenzangu, naye atanimiminia. Zawadi ifungwe karatasi, itolewe kwa mikono miwili, na mtoaji aseme kwamba ni kitu kisicho na maana. Asiyefungua mbele ya aliyemletea ndiye mwenye adabu. Nisichomeke vijiti vya kulia katikati ya wali, hivyo ni vya wafu. Na nisimpe mtu chakula kijiti kwa kijiti, kwa sababu huko maiti akishachomwa, ndugu zake huiokota mifupa kwa vijiti, wakapokezana hivyo hivyo, mpaka kwenye chungu. Aliponiambia hilo nilikuwa na kipande cha samaki mdomoni, samaki wa mvuke na tangawizi aliokuwa akinipikia katika sufuria mpya aliyoinunua baada ya kujua sili nguruwe. Nilimeza kwa shida, akanimiminia chai.

"Mjapani hasemi hapana," alisema siku nyingine. "Atasema 'kidogo...' halafu ataiacha sentensi hapo. Ukisikia hivyo usingoje iendelee, imekwisha, ni hapana." Nikamwambia kwetu pia hatusemi hapana, tunasema inshallah. Akauliza inshallah ina maana gani, nikamweleza, na nikamweleza pia namna fundi wa nguo wa Kariakoo anavyoitumia. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mkono wa blauzi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Siku hiyo ndipo alipokubali kunifundisha maneno yale mawili tuliyokuwa tukiyasikia kupitia dari. Anayerudi nyumbani husema tadaima, nimerudi. Aliyemo ndani hujibu okaeri, karibu, umerudi. Nyumba isiyokuwa na mtu wa kujibu, akasema, hata kuisemesha ni aibu, lakini yeye alishazoea. Niliposhuka nikamweleza Kassim. Tangu jioni ile ufunguo ukizungushwa juu, Kassim aliacha alichokuwa akifanya, hata kama mafuta yalikuwa motoni, akanyamaza mpaka maneno yote mawili yamalizike.

Alikuwa anaumwa. Tulianza kuona anapumzika ghorofa ya tatu, mkono umeshika ubavu, akijifanya anatazama tangazo lililobandikwa ukutani. Halafu ikaja harufu ya dawa za mitishamba, chungu kikichemka mchana kutwa. Viza yangu ilipotoka nikapanda mbio kumwonyesha. Aliishika pasipoti yangu kwa mikono miwili, akaisoma kama kadi, akanirudishia, ndipo akaniambia. Daktari hakumpa muda mrefu. Hadi mwaka mpya wa Kichina, labda, labda asiufikie. Alikuwa na jambo la kuniomba, na alilisema akiitazama meza. Nimtafute mdogo wake huko Kobe. Barua alizomwandikia tangu tetemeko la ardhi lililouangusha mji ule zilikuwa zimerudi zote, na hata kabla ya hapo barua zao zilikuwa fupi na baridi, kwa sababu baba yao alikufa bila kumsamehe binti, na Bi Liang hakuwahi kusema neno la kumtetea. "Mwambie dada yake anaumwa na hatapona. Mwambie nataka kumwona. Safari hii siandiki. Barua huwekwa kwenye mtoto wa meza, mtu hawekwi." Akanikabidhi kopo la bati lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Ndani yake yalikuwa maganda ya machungwa yaliyokaushwa, yale ambayo watu wa Guangdong huyatunza, maana kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyokuwa na thamani. Ganda la kila mwaka tangu waachane. Yale ya mwanzo yalikuwa meusi kama ngozi ya kiatu.

"Lakini usiseme mlangoni," akanionya. "Habari nzito haisemwi mlangoni. Kikombe cha kwanza cha chai ni cha kukaribishwa. Subiri kikombe cha pili." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hata kwetu ni hivyo hivyo, habari nzito hungoja mtu akae. Nakumbuka nilivyofurahi kulisema hilo. Niliona nimefaulu mtihani.

Kassim alinisindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun akiwa amebeba kopo lile mwenyewe, hakutaka nilitie kwenye begi. Osaka nilipokewa na Bwana Ono wa kampuni ile, mtu mwembamba aliyekuwa na karatasi yenye saa na dakika za kila jambo letu. Nilipomweleza habari ya mama wa Kobe alisema "kidogo..." akaiacha hapo, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikajifanya sikufunzwa chochote. Nikakaa kimya, nikamtazama. Siku mbili baadaye alikuwa amepiga simu kwa nusu ya Wachina wa Kobe na amempata. Bi Kimura, mjane mtarajiwa kama mwenyewe alivyojiita, mume wake alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Tulikuwa na nafasi ya dakika arobaini kabla ya treni ya kwenda mnadani.

Mlango ulifunguliwa na Bi Liang. Niseme hivyo, kwa sababu nilitaka kulia pale pale: uso ule ule, nywele zile zile zilizokatwa sawa na masikio, ila huyu alikuwa mnene kidogo na amevaa miwani. Nilivua viatu, nikavigeuza, nikavaa sapatu, nikasema maneno ya kuomba radhi kwa usumbufu, ambayo ndiyo hodi ya kule. Nikaketi, nikatoa kopo kwa mikono miwili, nikasema ni kitu kisicho na maana. Bwana Ono alinitazama kwa mshangao wa kweli. Bi Kimura hakulifungua kopo, adabu haikumruhusu, lakini aliliinua hadi puani likiwa ndani ya kitambaa kile, akalinusa. Akaniuliza kwa Kijapani, taratibu ili nielewe, dada yangu, hajambo? Nikajibu kama nilivyofundishwa. Genki desu, ni mzima.

Nimekuwa nikijieleza tangu siku ile na sijachoka. Kwetu mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri, hata kama nyumba imeungua. Unasema nzuri kwanza, halafu, baada ya pumzi mbili tatu, unasema ila nyumba imeungua. Nzuri si habari, ni mlango wa habari. Hakuna anayekasirika wala anayesema umemdanganya. Mimi nilisema genki kwa ulimi wa Kariakoo, nikiwa nangoja kikombe cha pili niseme ila. Bi Kimura aliisikia kwa sikio la Kobe. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakashuka, akasema neno kwa Bwana Ono, naye Bwana Ono akatabasamu kwa mara ya kwanza. Halafu Bi Kimura akamimina chai.

Kikombe cha kwanza kilikuwa kitamu. Tuliongea Kiingereza, chake kilikuwa cha watawa wale wale. Aliuliza kama dada yake bado anatembea haraka, kama bado anakunja leso pembe nne, anaishi ghorofa ya ngapi. Alikuwa akicheka na kujifuta. Mimi nilikuwa natazama birika. Nilimwona akinyoosha mkono kuelekea birika, na hapo Bwana Ono akatazama saa, akasimama, akainama. Bi Kimura akaurudisha mkono, akasimama, akainama. Nikasimama na mimi. Watu wawili wakiinamiana, huwezi kusema katikati yao kwamba mtu anakufa, au mimi sikuweza. Niliogopa uso wa Bwana Ono. Niliogopa kuonekana mwongo, maana nilishasema genki. Na nitasema ukweli mchungu zaidi: nilikuwa najivunia nilivyofanya yote sawasawa, sikutaka kuliharibu. Tukatoka. Bi Liang alinifundisha kwamba mwenyeji husimama mlangoni mpaka mgeni apotee, na mgeni hugeuka kwenye kona akainama mara ya mwisho. Niligeuka. Alikuwa bado ameinama. Kutoka kwenye kona ile hadi mlangoni palikuwa na hatua kama ishirini.

Niliporudi Guangzhou nilipanda moja kwa moja ghorofa ya tano na begi langu. Nikavua viatu, nikasema tadaima. Akajibu okaeri kutoka kitandani, sauti imekuwa nyembamba. Kassim alikuwepo, alikuwa akimpelekea uji wa mchele kila siku nilipokuwa sipo. Bi Liang hakuuliza kitu. Alimwelekeza Kassim kwa kidole, chai ikamiminwa, tukanywa. Kikamiminwa kikombe cha pili, akanitazama. "Atakuja," nikasema. Yule mama akafumba macho, na kesho yake akamtuma Kassim sokoni akanunue sapatu mpya za kike, zenye maua, akampimia ukubwa kwa kukanyaga karatasi kwa mguu wake mwenyewe.

Kassim alinikamata ngazini. "Ulimwambia ama hukumwambia?" Nikamweleza yote. Hakunikaripia. Akanivuta mpaka posta, tukaingia kwenye kibanda cha simu. Mara ya kwanza hakupokea mtu. Mara ya pili akapokea mwanamume, mgonjwa wa watu, asiyejua Kiingereza. Nikaanza kutafuta katika Kijapani changu chote, asante, samahani, nimerudi, ni kitu kisicho na maana, na nikagundua kwamba katika maneno yote aliyonifundisha Bi Liang hakukuwa na neno la ugonjwa. Nikasema samahani, samahani, mpaka simu ikakatika. Tukamwandikia Bwana Ono faksi, Kassim akaitaja neno kwa neno kama barua ya korti: anakufa, mwambie leo. Jibu lilikuja kesho yake, zuri, la heshima. Atamfikishia Bi Kimura ujumbe wetu kwa wakati unaofaa.

Asubuhi moja Kassim alipanda na uji, akarudi na uji. Ilikuwa wiki ya tatu tangu nirudi. Mpwa alikuja, maiti ikachomwa kama ilivyo sheria ya mji, sisi tukasimama nyuma, mikono hatujui pa kuiweka. Mpwa alituachia ufunguo siku chache ili tumalizie kutoa vitu. Siku ya sita nilikuwa chumbani kwake nikifunga vyombo niliposikia hatua ngazini, zikapumzika ghorofa ya tatu, zikaendelea. Bi Kimura alisimama mlangoni na begi dogo. Ujumbe wa Bwana Ono ulikuwa umemfikia kwa kuchelewa, na habari ya kifo alikwishaambiwa hapo chini. Akavua viatu. Akaziona sapatu zenye maua. "Za nani?" akauliza. Nikamwambia ni zake. "Alijua kwamba nakuja?" Nikamwambia nilimwambia kwamba atakuja. Akazivaa, zikamtosha sawasawa. Halafu, akiwa bado pale mlangoni, akasema polepole, tadaima. Neno la kujibu nililijua, na ndani hapakuwa na mwingine wa kulisema. Halikutoka.

Akaingia, akakaa, akachemsha maji mwenyewe. Akaniuliza ni nani waliookota mifupa. Nikamwambia wafanyakazi wa pale, kwa koleo. Akamimina chai, tukanywa. Akamimina tena, akakisogeza kikombe kwangu kwa mikono miwili. "Hiki ndicho cha pili," akasema. "Sasa niambie." Nikamwambia yote, na nzuri yetu, na kikombe, na kona. Alisikiliza mpaka mwisho. "Tangu tetemeko lile sikujua kama yu hai," akasema. "Wewe ukaniambia mzima. Nikasema basi hakuna haraka, mume wangu akipata nafuu nitakwenda maua yakichanua." Hakuongeza lawama yoyote. Ningefurahi angeongeza.

Jioni ile nilikaa kitandani kati ya maboksi ya viatu nikilia waziwazi, na Kassim akakaa karibu yangu na sahani ya wali ambao hakuna aliyeula. "Hukumdanganya, Abdu," alisema. "Wewe ulisema kwetu. Mtu wa kwetu ukimwambia njema, hang'oki. Angoja. Ajua bado." Alilirudia sana neno hilo, miaka yote iliyofuata, kila tulipokutana na kila nilipomkumbusha. Mtu wa kwetu angejua.

Nilifika Mombasa siku ya tatu ya matanga. Mlangoni palikuwa na viatu vya watu wengi, vimetupwa ovyo, na nikajikuta nimeinama navigeuza vyote, jozi kwa jozi, vidole nje, mpaka kijana mmoja akaniuliza mzee unatafuta nini. Rehema yuko edani, kwa hiyo tulizungumza yeye akiwa nyuma ya pazia na mimi kwenye mkeka. Akaniuliza habari za safari, nikasema nzuri. Akasema nipewe chai, nikapewa. Tukaongea habari za mazishi na za wanawe. Halafu akasema, "Mpeni shemeji kikombe kingine."

"Ulimpigia simu, ile Ijumaa," akasema nyuma ya pazia. "Wiki tatu nyuma."

"Nilimpigia."

"Alikwambiaje?"

"Aliniambia njema. Akasema ni mafua tu, yatapita. Tukaongea mpira kidogo, akasema haya, salimia nyumbani."

Nilimsikia Rehema akijisogeza karibu na pazia. "Mimi ndiye niliyemshikia hiyo simu, shemeji. Mkono wake haukuwa na nguvu ya kushika. Ulipokata nikamuuliza, mbona humwambii mwenzio kama wafa? Akasema, nshamwambia. Huyo twalikaa naye China, huyo atajua." Akavuta pumzi. "Basi toka siku hiyo, kila gari likisimama hapo nje, afumbua macho, auliza, ni Abdu huyo?"